Kila nikitaja kiwanja, mume wangu hushika kifua

Somo, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mwenyewe amelala. Jina langu naomba usilitoe, mji wetu mdogo na watu wanasoma.

Nina miaka 52, mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mume wangu ana miaka 61, amestaafu. Tumeoana 1996. Sukari anayo siku nyingi, miguu yake ina ganzi kiasi kwamba hata kandambili ikimvuka hajui. Mwaka juzi ikaongezeka ya moyo. Akitoka sokoni na kapu, pale penye mwinuko anasimama, kifua kinambana, maumivu yanashuka mkono wa kushoto na kupanda mpaka tayani. Akisimama kidogo yanaachia. Alipimwa umeme wa moyo, tukaambiwa mishipa inayoulisha moyo imebana. Akapewa vidonge vya kila siku, ambavyo humeza siku anazokumbuka, na vile vidogo vya kuweka chini ya ulimi. Akaandikiwa pia aende Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, akapigwe ile picha ya mishipa ya kupitisha mrija. Alisema ataenda baada ya Ramadhani. Ramadhani mbili zimepita.

Siku tunaondoka hospitalini daktari aliniita pembeni, tumesimama kwenye korido, akaniambia, "Mama, huyu asiudhiwe." Neno hilo moja ndilo limenifunga mpaka leo.

Mwaka 2009 tulinunua kiwanja Pongwe. Nusu ya fedha ilikuwa yangu, ya vikoba na ya vitenge nilivyokuwa nikiuza. Karatasi zikaandikwa jina lake. Wakati ule sikuona ubaya. Mwezi wa Rajabu nilikutana na mama mmoja wa kule kwenye arusi, akanipa mkono: "Hongereni shoga, msingi umepanda." Nikacheka tu. Sisi hatujengi msingi wowote.

Nikamuuliza mara moja. Ilikuwa saa kumi jioni, ametoka matembezini, chakula cha mchana hajala. Akasema, "Kiwanja gani?" Kisha akashika kifua. Jasho jembamba likamtoka, uso ukawa kama majivu, akasema anataka kutapika. Nikamwekea kidonge chini ya ulimi huku napiga kelele, majirani wakajaa. Baada ya kama robo saa akatulia. Hospitali alikataa. Usiku uleule ndugu zake wakaja, nikawekwa kikao. Wifi yangu akaniambia mbele ya wanangu, "Unataka kumuua kaka yetu kwa ajili ya ardhi?"

Tangu hapo nimefunga mdomo. Namuuliza chumvi imetosha, basi.

Lakini Somo, huyuhuyu Simba na Yanga wakicheza anapiga kelele nyumba inatikisika. Barazani hubishana siasa mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kifua hakimshiki! Binti yangu mkubwa anasema baba anaigiza. Wa kiume anasema, mama mwache mzee apumzike. Mimi sijui. Nikimuuliza akafa, nitaitwa muuaji. Nisipomuuliza akafa, nitabaki mjane nisiyejua hata nimeibiwa na nani. Labda ameuza, labda ana mwanamke kule, labda kuna mtu kavamia tu na yeye anaona haya kusema. Usiku sipati usingizi, moyo wangu mwenyewe unadunda. Juzi nilipimwa presha duka la dawa wakaniambia 158 kwa 96, wakasema ni mawazo.

Je, neno linaweza kweli kumuua mtu? Na nifanyeje?

Mdomo Kufuli, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa kamba moja: moyo wa mzee una nini, na kiwanja kimekwenda wapi. Siku ile uliuliza la pili, ukajibiwa kwa la kwanza, na tangu hapo hujaweza kuyatenganisha. Nilikuwa muuguzi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kusoma siri za watu, basi niruhusu nianze na kifua.

Binti anasema baba anaigiza. Mtu anaweza kujishika kifua kwa makusudi. Kutokwa jasho jembamba na kugeuka rangi kwa makusudi, hilo sijapata kuliona. Yale uliyoyaeleza hayatoki kwenye mikono wala mdomo. Yanatoka kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, ambazo mwenye mwili hazitawali.

Moyo una shida moja ambayo mguu hauna. Msuli wa mguu ukihitaji nguvu zaidi, unaweza kuchota oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ileile inayopita. Moyo, hata mtu akiwa amekaa anakunywa chai, tayari unachota karibu robo tatu ya oksijeni iliyomo kwenye damu yake. Akiba ni ndogo mno. Ukitaka kazi zaidi lazima uletewe damu zaidi, na mishipa ikiwa imebana damu hiyo haiji. Hapo tindikali na kemikali nyingine hujikusanya kwenye msuli wa moyo na kuzigusa ncha za neva. Neva hizo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, usawa wa juu ya kifua, na palepale ndipo zinapoingilia neva za ukuta wa kifua na za upande wa ndani wa mkono. Ubongo haujazoea kupokea habari za moyo, kwa hiyo unaulaumu mkono, au shingo, au taya. Yale maumivu ya kwenye mwinuko wa sokoni ndiyo hayo. Kuna na njia nyingine, ya neva ya vagasi, inayounganisha moyo na tumbo kwenye shina la ubongo, na huko ndiko hutoka kichefuchefu. Wapo wagonjwa ambao kwa njia hiyo mapigo hupungua na presha kuanguka.

Ubongo ukishapata habari, unajibu. Unamwaga adrenalini, jasho linatoka, mishipa ya ngozi inajibana ndiyo maana uso unakuwa majivu, mapigo yanaongezeka. Nia ni kumwokoa mtu, lakini ni sawa na kumchapa punda aliyechoka ili afike haraka. Moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umelegea, kati ya pigo na pigo. Ukikimbizwa, muda wa kulegea unapungua, na damu inapungua wakati ambapo mahitaji yamezidi. Vidonge vya kila siku alivyopewa, kama vina zile za jamii ya atenololi au bisoprololi, kazi yake ni kuizuia hiyo fimbo. Ndiyo maana kuvimeza siku ya kukumbuka tu si jambo dogo. Ukizizoea kisha ukaziacha ghafla, moyo unaweza kurudi na fujo kuliko mwanzo.

Sasa hasira na mshtuko hupita njia hiyohiyo, ila zinaanzia upande wa juu. Ubongo ndio unaoanza, moyo unafuata. Na mishipa yenye ugonjwa ina tabia mbaya: mahali ambapo mshipa mzima ungetanuka kupitisha damu zaidi, wenyewe wakati mwingine unazidi kujibana. Kwa hiyo swali lako kama neno linaweza kuleta maumivu, jibu ni ndiyo, linaweza. Sitakudanganya ili nikupe moyo. John Hunter, daktari wa upasuaji aliyekuwa mashuhuri London, alikuwa na maradhi hayahaya, akawa anasema maisha yake yako mikononi mwa mhuni yeyote atakayeamua kumchokoza. Mwaka 1793 alibishana kwenye kikao cha hospitali yake, akatoka chumbani, akafa. Wifi yako angeipenda sana hadithi hii. Lakini walipompasua Hunter walikuta mishipa ya moyo wake imekuwa migumu kama mfupa. Kazi hiyo haikufanywa na kikao cha asubuhi moja, ilikuwa ya miaka.

Na kuhusu kufa: watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 1995 waliwauliza wagonjwa wa shambulio la moyo walikuwa na hali gani kabla yake. Wakaona kwamba katika saa mbili baada ya hasira kali, hatari hupanda kwa kiasi cha mara mbili na zaidi kidogo. Ni kweli imepanda, lakini hatari ya saa mbili zozote katika maisha ya mtu huwa ndogo sana, na ndogo ukiizidisha mara mbili bado ni ndogo. Kilicho kikubwa ni ile mishipa yenyewe ambayo haijapigwa picha kwa Ramadhani mbili.

Nije kwenye mpira, maana hapo ndipo mashaka yako yamekaa. Unasema akiangalia Simba na Yanga kifua hakimshiki. Sahihisha kidogo, mdogo wangu: hakimuumi. Hatujui kama hakimshiki. Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa eneo la Munich walihesabu dharura za moyo, wakakuta siku timu yao inacheza zimezidi mara mbili ya siku za kawaida. Mpira si pumziko. Tena kwa wenye maradhi haya, vipindi vingi vya moyo kukosa damu hupita bila maumivu yoyote, na vile vinavyoletwa na mawazo ndivyo hupenda kupita kimya zaidi. Halafu mzee ana sukari ya siku nyingi. Neva ambazo zimeshindwa kumwambia kandambili imevuka mguuni, ndugu zake wanaokwenda moyoni wanaweza kuwa wamepata ugonjwa huohuo. Mtu wa namna hiyo anaweza kupata shambulio akaona uchovu na jasho tu, akadhani ni joto.

Kwa hiyo kifua chake si shahidi wa kutegemewa, kwa upande wowote. Kikinyamaza mbele ya televisheni hakithibitishi kwamba yu mzima, na kikilia mbele yako hakithibitishi kwamba wewe ndiye unayemuua, wala kwamba ana hatia ya kiwanja.

Na hata lile tukio la jioni, mimi nisingekuwa na haraka ya kulipa jina. Mtu wa sukari, anatumia dawa, hajala tangu asubuhi, saa kumi jioni anatoka jasho na kutaka kutapika: sukari ikishuka hufanya vilevile. Kuna aliyempima siku ile? Kama nyumbani hakuna kipimo cha sukari, hicho ni kitu cha kununua kabla ya kuajiri mwanasheria. Na ikitokea tena, mkalishe chini, kwa sababu kidonge cha chini ya ulimi hushusha presha na mtu akisimama anaweza kuanguka. Maumivu yasipokwisha dakika 5 baada ya kidonge, ni hospitali, hata akikataa, hata ndugu wakija na kikao chao. Na neno la pembeni ambalo wake wengi huona haya kulisema: kama anatumia dawa za nguvu za kiume, kwako au popote, zikikutana na kidonge hicho presha huanguka vibaya mno. Daktari lazima ajue.

Nataka sasa nikuulize juu ya lile neno la korido. "Asiudhiwe" maana yake nini? Asipigiwe kelele? Asiulizwe swali? Asiambiwe mchele umekwisha? Daktari alisema kwa haraka, na familia nzima imeligeuza kuwa sheria ambayo askari wake ni wewe peke yako. Watani wa Yanga hawakuambiwa. Wazee wa barazani hawakuambiwa. Una haki ya kurudi kliniki naye, mkakaa, ukamuuliza daktari mbele ya mumeo: tuna jambo la familia zito la kuzungumza, je, anaruhusiwa, na tulifanye namna gani? Wakati mwingine daktari humshauri mgonjwa atumie kidonge kabla ya jambo analojua litambana, kama anavyoweza kushauriwa kabla ya kupanda mwinuko. Wakati mwingine atasema picha ya mishipa kwanza. Vyovyote atakavyosema, itakuwa kauli ya leo, iliyosikiwa na wote wawili.

Nahoji pia jambo la pili. Wewe na binti mmeweka njia mbili: ama ni ugonjwa, ama ni maigizo. Ipo ya tatu. Maumivu ya kweli yanaweza pia kumfaa mwenye nayo. Mwili hujifunza: neno fulani lilitajwa, hofu ikaja, kifua kikabana, watu wakakusanyika, neno likafutwa. Safari ijayo neno likikaribia tu, hofu inatangulia. Huenda mwenyewe hajui kama imekuwa hivyo. Ukimwendea na "unaigiza", utakuwa umemshitaki kwa kosa ambalo pengine hakulitenda, na la kiwanja litapotea hapohapo.

Kuhusu kiwanja, njia ninazoziona hazina hata moja isiyo na miiba.

Unaweza kutafuta ukweli bila kupitia kifuani kwake. Nenda Pongwe ukaangalie kwa macho yako, kwa sababu mpaka sasa ulichonacho ni maneno ya arusini. Inawezekana msingi uliopanda ni wa jirani. Serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi zinaweza kukuonyesha jina lililopo leo. Kama kina hati, sheria inamruhusu mwenye maslahi kuomba zuio kwa msajili, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, wapo kwa ajili ya wanawake wanaohitaji mtu wa kuwaelekeza. Mahakama ya Rufani, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, ilishakubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango, sembuse wewe uliyetoa fedha za vitenge. Tafuta madaftari ya vikoba yaliyobaki. Mwiba wake ni huu: Tanga ndogo, umesema mwenyewe. Akisikia kwa mtu kwamba mkewe anazunguka ofisini, mshtuko huo utakuwa mkubwa kuliko wa kuulizwa na wewe, na heshima ikishavunjika hivyo ni vigumu kuirudisha.

Unaweza kumuuliza mwenyewe, lakini si kama mara ya kwanza. Asubuhi, amekula, amemeza dawa, mko wawili. Pengine si kwa swali. "Nimesikia habari ya Pongwe, imenikosesha usingizi, sitaki unijibu leo" ni maneno ambayo hayamweki mtu ukutani. Kinachoubana moyo zaidi mara nyingi ni kunaswa bila pa kutokea. Hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba hatashika kifua. Itabidi uwe tayari kwa hilo, na mtu mmoja wa kuaminika awe anajua, na usafiri uwe karibu.

Unaweza kumtuma mtu: mzee anayemheshimu, mshenga wenu kama yu hai. Wanaume wengine humwambia mwanamume mwenzao kwa dakika chache jambo ambalo mkewe hatalisikia kwa miaka. Ila chagua mmoja. Wakiwa wengi watageuka kikao, na kikao umeshakionja.

Na unaweza kuendelea kunyamaza. Sikucheki, kuna wanawake wamenyamaza kwa hesabu zao, na kiwanja si roho. Lakini usinyamaze kwa kuamini kwamba ukimya wako ndiyo dawa yake. Kama kuna jambo analolificha, analo kichwani wakati wewe unauliza habari za chumvi. Adrenalini yake haisubiri sauti yako. Na kama hakuna jambo, basi mnaishi wawili kwenye hofu ya kitu ambacho hakipo.

Ukimya una gharama nyingine ambayo umeiandika mwishoni kana kwamba ni nyongeza ya barua. 158 kwa 96, usingizi hakuna, moyo unadunda. Wewe pia una mishipa na neva, na umefika umri ambao ulinzi wa homoni za kike unapungua. Aliyekwambia ni mawazo huenda amepatia, lakini mawazo hayajawahi kuizuia presha isiharibu figo. Kipimo cha mara moja cha duka la dawa hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Pima asubuhi na jioni, umekaa kimya kwanza dakika 5, mkono umeuegemeza, kwa wiki nzima, uandike. Tena kliniki hiyo ya presha inaweza kuwa sababu nzuri ya nyinyi wawili kupanda bajaji moja kwenda hospitali bila mtu kujiona amekokotwa.

Kama utapenda kuniandikia tena, nitumie na hizo namba za wiki, za juu na za chini, na uniambie ulichokikuta Pongwe kama umekwenda.

Somo